Uliza Fundi: Stenlesi haina kutu, mbona inapasuka?

SWALI: Tangi la maji moto la nyumba yetu ya wageni hapa Malindi ni la stenlesi ya daraja la 304. Maji ni ya kisima chenye chumvi, nayo hupashwa hadi nyuzi 70. Linavuja kando ya mshono. Fundi ameshalichomelea mara mbili, na kila mara ufa unatokea pembeni kidogo. Kutu hakuna hata chembe. Je, tuliuziwa stenlesi bandia?
*Msomaji, Malindi*

JIBU: Si lazima iwe bandia, 304 halisi hupasuka hivyohivyo. Aloi hii (mchanganyiko wa metali), yenye kromi takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8, hulindwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromi. Kloridi iliyomo kwenye maji ya chumvi huutoboa utando huo, na pale ambapo bamba linavutwa, kitundu hugeuka ufa. Kando ya mshono bamba huvutwa muda wote: chuma kilichoyeyuka hunywea kikipoa, na mkazo hubaki humo hata tangi likiwa tupu. Maji yakizidi nyuzi 60 hatari hupanda sana. Ufa wenyewe hutoa matawi ndani ya bamba, kwa hiyo fundi anaziba shina tu, tena anaongeza mkazo mpya.

Vueni kwanza blanketi la kuhifadhi joto. Likilowa, maji hukaukia juu ya chuma cha moto na chumvi hujilimbikiza, hivyo ufa unaweza kuanzia nje. Safisheni, kausheni, pulizeni rangi nyekundu ya kupenya kwenye nyufa, ngojeni dakika 10 hadi 20, futeni, kisha pulizeni ile nyeupe ya kuonyeshea. Mistari yenye matawi ikijitokeza, msipoteze fedha kuchomelea. Badilisheni tangi.

Muuzaji atawasifia stenlesi ya daraja la 316. Molibdeni yake, asilimia 2 hadi 3, huchelewesha vitundu, lakini katika maji moto ya chumvi nayo hupasuka. 304L, yaani 304 yenye kaboni kidogo, pia si dawa ya ugonjwa huu. Ulizieni stenlesi ya daraja la 444, isiyotegemea nikeli, au dupleksi 2205, stenlesi yenye miundo miwili ya chuma ndani yake. Zote mbili hunasa sumaku, ila daraja huthibitishwa na cheti cha bamba, si sumaku. Msishushe joto ili kuokoa tangi: maji ya vuguvugu hustawisha bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu. Na magamba ya chokaa yaondoeni kwa asidi ya sitriki, kamwe si asidi ya haidrokloriki.

SWALI: Nati za brasi (aloi ya shaba na zinki) kwenye mabomba ya banda langu la kuku zinapasuka zenyewe. Kwa nini?
*Mfugaji, Kibaha*

JIBU: Ni amonia ya kinyesi, ikisaidiwa na unyevu na nati iliyokazwa kupita kiasi. Katika karne ya 19 risasi za jeshi la Uingereza nchini India zilipasuka maganda namna hiyo msimu wa mvua, kwa amonia iliyotoka kwenye mazizi ya farasi. Brasi yenye zinki chini ya asilimia 15 huhimili zaidi, lakini bandani fungeni viungio vya plastiki.