Siku ya tisa, na nafuu sijaiona

SWALI: Daktari, nauza mitumba Gikomba. Tangu Januari nikifungua robota nakaa tu nikitazama nguo. Hata nguvu ya kuchagua kamera, zile nguo bora kabisa, sina. Kliniki walinipa fluoksetini, dawa ya sonona (depression), leo siku ya tisa. Kichefuchefu ninacho, nafuu sina. Dada yangu ananionya nitakuwa mtumwa wa vidonge. Niache? Mgongo ukiuma humeza tramadoli, ile dawa ya maumivu. – Mama Brayo, Umoja

JIBU: Mama Brayo, fluoksetini usiiache. Tramadoli ndiyo inayonitia wasiwasi: zikichanganywa zinaweza kuleta mtetemeko, jasho na homa, hata degedege. Piga simu kliniki leo, kabla ya kumeza tramadoli nyingine.

Kichefuchefu hutangulia, na kwa wengi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Nafuu ndiyo huchelewa: wiki mbili hadi nne ndipo huanza kuonekana, wakati mwingine zaidi. Meza asubuhi, baada ya chai na mkate.

Dawa za sonona zinafaa? Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi wa majaribio 522 ya dawa 21. Zote zilishinda vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani, ingawa si kwa pengo kubwa, ndiyo maana ningependa upate na ushauri nasaha.

Mwambie dada hii si miraa. Haikutumi kutafuta nyingine. Ila usiikate ghafla, kizunguzungu kinaweza kukusumbua. Na mawazo ya kujiua yakikujia (kwa walio chini ya miaka 25 yanaweza kuongezeka mwanzoni), funga kibanda uende hospitali siku hiyohiyo.