Banda la uani Tanga: anza na shimo la choo, mengine yafuate

Anayeanza kazi ya kuchora au kusimamia mabanda ya uani huku Tanga, yaani vijumba vya kukaa watu nyuma ya nyumba kubwa, hukutana na agizo moja karibu kila mara. Mwenye nyumba anakupeleka nyuma, anakuonyesha kona iliyo wazi, anasema, "Banda likae hapa." Usifungue daftari bado. Muulize shimo la choo liko wapi, funiko lake liko wapi, na limejaa mara ngapi tangu nyumba kubwa ijengwe. Mahali pa banda huamuliwa na bomba la maji machafu, halafu na upepo. Kona iliyo wazi huja ya tatu.

Bomba la choo la nchi 4 linahitaji kushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 40 za mwendo. Likilala sana maji hupita polepole na uchafu unabaki ndani; likisimama sana maji yanakimbia na kuuacha uchafu nyuma. Tuseme kutoka choo kipya hadi shimoni ni mita 14. Bomba litashuka sentimita 35. Sasa fungua funiko, pima mdomo wa bomba la zamani unaingia shimoni ukiwa chini kiasi gani kutoka usawa wa ardhi. Ukikuta sentimita 60, bomba lako litaanzia ukutani likiwa sentimita 25 ndani ya udongo, na hapo uko salama. Ukikuta sentimita 30 tu, hesabu inasema bomba lianze sentimita 5 juu ya ardhi. Utachagua: unyanyue sakafu, usogeze choo karibu na shimo, au uchimbe shimo jipya. Hayo ni maamuzi ya kwenye karatasi. Yakigundulika baada ya jamvi (zege la sakafu) kumwagwa, fundi hulaza bomba karibu tambarare ili afike, na mpangaji wa kwanza ndiye atakayeletewa harufu.

Ardhi ya uani hudanganya macho, kwa hiyo usipime kwa kukisia. Mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa mita 20, unatosha: jaza maji, toa mapovu yote, mmoja ashike kwenye shimo na mwingine kwenye kona ya banda, kila mmoja apime kutoka ardhini hadi usawa wa maji, kisha soma tofauti. Povu moja likibaki katikati, kipimo chote ni uongo. Kila bomba linapokata kona weka chemba yenye funiko, vinginevyo siku likiziba itabidi kuvunja sakafu ya uani. Na hakikisha mpira wa gari la kunyonya maji taka utafika shimoni banda likishasimama. Tumeona mabanda mazuri yaliyojengwa juu ya funiko lenyewe. Kama kuna kisima kiwanjani au kwa jirani, shimo jipya likae mbali nacho, mita 30 ikiwezekana.

Sasa upepo. Tanga ina kusi kuanzia Aprili hivi na kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi, na zote mbili hutoka upande wa mashariki, moja kwa kuelemea kusini na nyingine kwa kuelemea kaskazini. Jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalopiga kuta za mashariki na magharibi. Basi refusha banda kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini yakiwa yanaelekeana, na ukuta wa magharibi usiwe na dirisha lolote isipokuwa kidirisha cha choo. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakilaliki Februari hata ukiweka feni, kwa sababu upepo hauna pa kutokea. Nyumba kubwa nayo hukinga upepo; ukiacha chini ya mita 3 kati yake na banda, umejenga stoo.

Kabla ya kuchora mlango, fikiri nani atakaa humo. Uani kwetu ni mahali pa akina mama: panapikwa, panafuliwa, watu wanajifunga khanga tu. Mlango wa banda usitazame jiko la nje wala kamba ya nguo. Mpe mkaazi njia yake ubavuni mwa nyumba, upana wa mita 1.2. Upana huo huo ndio utakaopitisha toroli la mchanga na kokoto wakati wa ujenzi, na baadaye kitanda na friji. Njia ikiwa sentimita 80, vifaa vyote vitapita sebuleni mwa mwenye nyumba.

Tuchukue mfano wa banda la sebule, jiko, choo na chumba, vipimo vya nje mita 8.4 kwa 3.6. Ukianzia upande mmoja: sebule ya mita 3.0 kwa 3.3, katikati ukanda wa mita 1.5, wenye jiko mbele na choo nyuma. Mwisho chumba cha mita 3.3 kwa 3.3. Jiko ndilo njia ya kwenda chumbani, meza yake iwe na kina cha sentimita 55 na ibaki nafasi ya kupita ya 80. Choo kifunguke chumbani. Sinki la jiko na bomba la kuogea vigawane ukuta mmoja, mgongo kwa mgongo, hapo mabomba yote yamekaa ndani ya mita mbili.

Hesabu ya tofali za nchi 6 kwa ramani hiyo ni hii. Kuta zote, za nje na za ndani, ni mita 31.5. Kwa wastani wa urefu wa mita 3, ukitoa milango, madirisha na lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), zinabaki mita za mraba 75 hivi. Tofali za kusimamisha huenda 8.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ni 640. Ongeza za kuvunjika, sema 670. Msingi wa kulaza kozi (mistari) 5 unakula 335. Jumla ni 1,005. Fundi akikuandikia 1,600, mwombe akuonyeshe zinakaa wapi.

Mnunuzi mgeni huuliza bei ya tofali na kusahau kuuliza mfuko mmoja wa saruji umetoa ngapi. Tofali moja ya nchi 6 ina ujazo wa lita 15 na nusu, mfuko wa kilo 50 una lita 35. Anayefyatua 40 kwa mfuko amechanganya saruji moja kwa mchanga unaozidi mara 17. Anayefyatua 25 yuko kwenye 11 hivi. Kwaruza kwa msumari: ya kwanza itamwaga mchanga.

Adui mkubwa wa jengo Tanga ni chumvi. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege hata ndoo moja, na maji ya kisima kilicho karibu na bahari usiyatumie kuchanganyia; tumia ya bomba. Chumvi ikifika kwenye nondo, nondo inaoza na kuvimba, lenta inapasuka kwa mstari mrefu chini ya nondo, na plasta haiwezi kuficha. Nondo zifunikwe na zege la sentimita 4 kila upande, zinyanyuliwe kwa vipande vya zege badala ya vijiti. Kisha mwagilia zege siku 7 bila kukosa. Chini ya jamvi tandika nailoni nzito, na piga dawa ya mchwa kabla ya kuitandika. Bila nailoni utaona shura (unga mweupe wa chumvi) ikichanua chini ya ukuta mwaka wa kwanza tu.

Paa la upande mmoja linatosha: ukuta mmoja mita 3.3, wa pili 2.7. Upande mfupi uelekee uani mwako, maana maji ya paa yakimwagikia kwa jirani, masika ya kwanza utaitwa serikali ya mtaa. Bati la geji 28 lenye migongo mipana ndilo tunaloshauri; la geji 30 ni jembamba na hewa ya bahari hulitafuna mapema. Toa paa sentimita 75 nje ya ukuta. Paa hilo lina karibu mita za mraba 50, na mvua ya milimita 20 italeta lita 1,000 hivi, toa zinazopotea. Weka gata na tangi. Mnazi ulioinamia paa ukatwe au uanguliwe kila mara, kwani dafu moja linatoboa bati.

Umeme wa kuvuta kutoka nyumba kubwa uwe na swichi kuu yake bandani na waya wa ardhi wake, na ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Ukiomba LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya pili, kumbuka kodi ya majengo hukatwa humo tangu 2021. Kiwanja kimoja chenye mita mbili za umeme kinaweza kukatwa mara mbili usipokwenda kuweka sawa.

Kibali cha ujenzi huombwa Halmashauri ya Jiji, na banda nalo linakihitaji. Beba nakala ya hati au ofa, michoro, na risiti ya kodi ya ardhi. Uliza mapema, kabla ya mchoro wa mwisho, umbali wa kuacha mpakani na sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa, kwa kuwa hutofautiana kati ya eneo la msongamano mkubwa kama Ngamiani na viwanja vikubwa vya Raskazone.