Silaha za angani: jibu la swali lako

Mkoani, Pemba

Mwanangu,

Wa alaykumu salaam. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kuwa safari hii hukuniuliza habari za pesa. Unataka kujua iwapo ipo sheria ya mataifa inayokataza silaha angani, na kama ipo, vipi satelaiti zinatunguliwa.

Ipo, ila ina tundu. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, kifungu cha 4, unakataza kuweka silaha za nyuklia na nyengine za maangamizi katika mzunguko wa dunia, na unataka Mwezi utumiwe kwa amani tu. Kombora la kawaida linalorushwa kutoka ardhini halikutajwa, na humo ndimo Urusi ilimopita Novemba 2021 ilipoivunja satelaiti yake kuukuu, Cosmos 1408. Vilitawanyika vipande zaidi ya 1,500 vinavyoonekana kwa rada, na wanaanga wa kituo cha kimataifa kinachozunguka angani, Warusi wenyewe wakiwamo, wakakimbilia katika vyombo vyao vya kurejea duniani. China, Marekani na India zilikwisha kutungua zao kabla.

Unaukumbuka mwamba tuliokuwa tukivua changu? Aliyetupa baruti alipata samaki wa siku moja, na sisi tukaachiwa kifusi cha matumbawe.

Kwa hiyo naona kinachofaa kukatazwa ni kitendo, si kifaa. Satelaiti yenye mkono wa kuitengeneza nyenzake yaweza kuing'oa pia, na kwa kuitazama tu huwezi kuijua nia yake. Hata hapa kwetu, Wamarekani walipoweka kituo Unguja miaka ya mwanzo ya 1960 kufuatilia vyombo vya Mercury, vya mwanzo vya Marekani kubeba watu angani, wapo walioamini kuwa ni cha makombora, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa.

Desemba 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyataka mataifa yaache majaribio hayo ya kuvunja satelaiti kwa makombora, kwa kura 155. Ni hatua njema, lakini azimio la Baraza hilo halimfungi mtu.

Ami yako anauliza kama jipiesi yake (GPS) ya kuonyeshea njia baharini itasalimika. Satelaiti zake ziko kilomita zipatazo 20,000 juu, mbali na vipande hivyo. Hata hivyo nimemwambia, akivuka kwenda Tanga, asiiache dira.

Baba yako