Boksi la prizi kwenye tofali bovu: weka chini hiyo drili!

Drili chini kwanza! Umeandika nyumba yenu ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, ni ya zamani, matofali yanamomonyoka, na fundi amekwambia utoke shevili (kile kiplastiki cha ukutani kinachoshika skrubu) ya milimita 6 uende ya 10 ndipo boksi la prizi lishike. Waya unene gani na prizi ikae juu kiasi gani, hayo ni ya siku nyingine.

Mimi niliambiwa hayo hayo, nyumbani kwa mama mkwe, mtaa wa Kenya wa hapa hapa Lubumbashi. Fundi wa maneno matamu, suruali ya mifuko tisa, tindo hana. Shevili ya 6 ikazunguka bure. Ya 8 vilevile. Ya 10 ikakaza kidogo, mara kra! Nusu tofali chini, na lipu ukubwa wa sahani. Kumbe shevili hushika kwa kutanuka; tofali lililooza ukilitanua unalipasua. Bwana akaziba kwa jasi, ile plasta nyeupe ya dari, akapaka rangi, akadai chake. Nikalipa, mjinga mimi! Wiki ya tatu mama anachomoa pasi, boksi zima likamfuata mkononi, waya nyuma kama utumbo wa kuku, cheche juu ya kitenge. Hakuungua, Mungu ashukuriwe, ila mpaka leo ananiita "Injinia". Nikalipa masoni (mwashi), simenti, lipu ya ukuta mzima, na kitenge. Kitenge ndicho kiliniumiza.

Sikiliza: kwenye tofali bovu boksi halifungwi kwa skrubu, LINAJENGEWA. Zima umeme kwenye disjonkta, ile swichi kuu ya kukata umeme. Chimba mpaka ukute tofali gumu, ubakize nafasi ya sentimita moja au mbili kuzunguka boksi. Bomba la waya liwe limeshaingia. Piga brashi vumbi lote litoke, kisha lowesha tundu, lowesha tena. Hapo ndipo watu wanapofanya uvivu: tofali kavu linanyonya maji ya simenti kabla haijashika, unabaki na unga. Mota, yaani mchanganyiko wa kujengea: simenti 1, mchanga 3, iwe nzito, isiteleze kwenye mwiko. Jaza gazeti ndani ya boksi, tia mota kwenye tundu, sukuma boksi mpaka mota itokee pembeni, mdomo ulingane na lipu. Liache siku mbili, hata nyumbani wakinung'unika. Ukikaza zile kucha za prizi (vyuma vya pembeni vinavyoing'ang'aniza ndani ya boksi) mapema, zinalisukuma boksi na kuchana simenti mbichi.

Na huyo fundi kama bado yupo hapo, mpe ndoo akachote maji.