Farasi aliyekuja kwa kasi mwishoni

SWALI: Shikamoo Dokta. Sisi ni vijana wa barazani hapa Wete. Kila Septemba tunaangalia kwenye simu mbio za St Leger za Doncaster, Uingereza, na kila mtu anataja farasi wake. Pesa hatuwekeani, anayekosea ananunua kahawa na kashata. Mwaka huu nimempenda farasi mmoja aliyemaliza wa tatu kwenye mbio za mita 2,400. Alitoka nyuma kabisa na mwishoni alikuwa anawameza wenzake. Barazani wote wanasema St Leger ni ndefu zaidi, kwa hiyo safari hii atawala. Mwenzetu mmoja yumo kwenye kundi la WhatsApp analolilipia shilingi 15,000 kwa wiki, na huko wametajiwa huyo huyo. Mwingine kalipeleka jina lake kwa mtu wa falaki, likapigwa hesabu, likatoka zuri. Wewe umekaa na farasi wa mbio Dubai miaka mingi. Nimtaje au nisimtaje?

JIBU: Marahaba. Hiyo kahawa na kashata waulizeni masheikh, mimi nitajibu ya farasi.

Kama umempenda kwa sababu tu alikuwa anawameza wenzake mwishoni, basi bado hujamchagua, umevutiwa na picha. "Angeongezewa mita mia tano angewala wote." Neno hili nimelisikia Dubai kwa Wahindi, kwa Wasudani na kwa Waingereza, na sasa nalisikia Chake Chake kwenye foleni ya dawa za ng'ombe. Hakuna neno linalowapoteza watu zaidi ya hili kwenye mbio ndefu.

Hebu panda gari ya abiria kutoka Chake kuja Wete. Gari imejaa, imefika kwenye kilima, inakohoa. Bodaboda inakupita pembeni unaiona kama risasi, kumbe dereva wake hakuongeza hata nukta, ni nyinyi mliopunguza. Mbio za farasi ndivyo zilivyo. Chukua mfano wa hesabu: farasi wako alikwenda kila mita 200 kwa sekunde 12.5, tangu katikati hadi mwisho. Waliokuwa mbele walianza kwa pupa, wakaenda kwa 12, mwisho miguu ikawaisha wakashuka hadi 13.3. Wewe kwenye simu unaona mmoja anaruka na wengine wamesimama. Lakini yeye hakuongeza kasi, na hilo halikwambii kabisa kwamba ana akiba ya mita 500 nyingine. Huenda pale kwenye mstari naye alikuwa amebakiwa na hatua kumi tu.

Kwa hiyo usiangalie alivyowapita. Angalia mbio zenyewe zilikwendaje. Kama mwanzo ulikuwa mkali na yeye alifichwa nyuma, kasi ile ni zawadi aliyopewa na ujinga wa wenzake. Kama mwanzo ulikuwa wa polepole, kundi zima likatembea kama maharusi, kisha yeye akatoka nyuma na kuwakuta watu ambao hawajachoka, hapo nitakaa kitako nikusikilize. Lakini hata huyo kakuonyesha kasi tu, pumzi bado hujaiona.

Na pumzi ndiyo shida yenyewe ya St Leger. Ni mbio za farasi wa miaka mitatu, kiasi cha mita 2,900, kongwe kuliko nyingine zote kuu za Uingereza za umri huo, zilianza 1776. Wengi wanaoingia hawajawahi kukimbia zaidi ya mita 2,400 maishani mwao. Hakuna anayejua, hata mwenye farasi hajui. Mwaka 2012 alikuwapo Camelot. Alikuwa hajashindwa hata mara moja. Alishinda maili moja Newmarket, akashinda Derby ya Epsom kwa urefu wa farasi watano, akashinda na ya Ireland. Ilibaki St Leger tu apate mataji matatu ya Uingereza, Newmarket, Epsom na Doncaster, ambayo hakuna aliyeyakusanya tangu Nijinsky mwaka 1970. Wacheza kamari walimwamini hadi aliyeweka 5 angepata faida ya 2 tu. Akapitwa na Encke, ambaye kwake ukiweka 1 unapewa 25, kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Mpaka leo wako wanaomlaumu joki, yaani mpanda farasi wake, kwamba alichelewa kumwachia, na wako wanaosema ni masafa. Mimi nasema wote waliokuwa na uhakika asubuhi ile walikuwa na uhakika wa kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Nitazame nini, utauliza. Damu, lakini usiishie kwa baba. Watu husoma jina la baba wakafunga kitabu. Sea The Stars hakukimbia hata siku moja zaidi ya mita 2,400, na mwanawe Stradivarius akachukua Gold Cup ya Ascot, mita 4,000 hizo, mara tatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Tafuta upande wa mama, na ndugu wa tumbo moja waliokwishakimbia masafa. Tangu 2010 kuna hata kipimo cha jeni ya misuli: farasi mwenye nakala mbili za aina moja huelekea mbio fupi, mwenye mbili za aina ya pili huelekea ndefu, mwenye mchanganyiko yuko katikati. Wenye farasi wengi wanalo jibu hilo kabatini. Wewe huna, wala huyo wa WhatsApp hana.

Kisha rudi kwenye video, utazame dakika ya kwanza, ile mnayoirusha. Kichwa chake kiko wapi? Akiwa anavuta hatamu, shingo juu, mdomo wazi, joki amejikunja nyuma anamzuia, mtoe kwenye orodha yako. Farasi hapumui kwa mdomo, ni pua tu, na akipiga mbio kali hupumua mara moja kwa kila mruko, hawezi kujiongezea pumzi katikati. Anayegombana na joki wake mita 800 za mwanzo anakula akiba ambayo haitarudi. Katika mbio za maili moja utamsamehe. Katika mita 2,900 usimsamehe.

Na wakiwaonyesha wanatembezwa kabla ya mbio, acha gumzo, tazama. Hapa ndipo mimi nilipokula mkate wangu. Farasi aliyetulia hutembea huku mguu wa nyuma ukipita alama ya mguu wa mbele, kichwa kinacheza, masikio yanakwenda huku na huku. Jasho la shingoni siku ya joto si kitu, lakini povu jeupe katikati ya mapaja siku ya baridi ya Doncaster, huyo ameshakimbia mbio zake kabla ya kufika. Kila asubuhi tulikuwa tukiwahesabia mapigo ya moyo. Aliyepumzika hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika, akikimbia sana hupita 200, na sisi tulikuwa tunangojea kuona yanashuka upesi kiasi gani. Saisi anayemwosha farasi huyo anajua zaidi ya kundi lolote la simu, na hata yeye mara nyingi hukosea.

Mtu wa falaki sitamgusa sana, ila muulize jambo moja. Majina hayo ni ya Kizungu, na abjadi anayopigia hesabu ni herufi 28 za Kiarabu, kila moja na namba yake. Farasi anayeanzia na G atamwandika kwa jimu, ambayo ni 3, au kwa ghaini, ambayo ni 1000? Na P ataitoa wapi?

Huyo wa kundi ndiye ninayemtaka. Mwenzenu atasema, "Lakini alipatia mara mbili mfululizo!" Sikiliza inavyofanyika. Ana watu 640 kwenye simu na mbio zina farasi wanane. Kila watu 80 anawatumia jina tofauti. Mbio zikiisha, 80 wanaona amepatia, waliobaki anawaacha. Wiki ya pili anawagawa wale 80, kumi kumi. Sasa wako watu kumi duniani walioona kwa macho yao mtu anayetaja mshindi mara mbili bila kukosea, na wanaapa. Hajui farasi hata mmoja. Hao kumi ndio wanaoombwa pesa nene kwa la tatu, na wakiuliza wanaambiwa ni habari za ndani ya banda. Habari za ndani zipo, lakini haziuzwi kwa 15,000. Encke huyo huyo, mwaka uliofuata, alikuwa miongoni mwa farasi wa banda lake walioingia kwenye kashfa ya steroidi, dawa za kukuza misuli, ingawa kipimo chake cha siku ya St Leger kilikuwa safi. Nani kwenye simu aliwaambia hilo mapema?

Mmoja wa hao kumi alikuja kwangu, mtu mzima mwenye wajukuu. Alikuwa na ujumbe wote wa malipo kwenye simu, akitaka nimthibitishie farasi wa tatu. Nikamuuliza hadi hapo ameshatuma kiasi gani. Akaifunga simu, akaniuliza dawa ya minyoo ya mbuzi siku hizi ni bei gani.