Dada wa Gemu Anajibu: Mabosi wa Final Fantasy X

Barua za mwezi huu karibu zote zinamlalamikia Seymour na mabosi wenzake, yaani maadui wakubwa wa gemu, na mimi nimezisoma kwa furaha, kwa sababu Final Fantasy X ndiyo gemu ninayoipenda kuliko zote. Kwa asiyeijua: ilitengenezwa na kampuni ya Square ya Japani na ikatoka mwaka 2001 kwenye PlayStation 2. Kijana Tidus anamsindikiza Yuna, binti mwenye uwezo wa kuita viumbe waitwao aeon, katika safari ya kwenda kupambana na dubwana liitwalo Sin. Mapigano ni ya zamu. Hadithi sitaimwaga, lakini mabosi nitawataja kwa majina. Asiyetaka kujua mapema aruke swali la kwanza na la nne.

Shikamoo dada. Nimekwama mlima Gagazet kwa Seymour Flux. Anamgeuza mtu wangu kuwa zombi, halafu mtu huyo anakufa papo hapo hata akiwa na HP (kipimo cha uhai) imejaa. Rafiki zangu wananiambia nizunguke mlimani nipige wanyama mpaka nipate nguvu. Nizunguke mpaka lini?
*Kijana wa Morogoro*

Marahaba mdogo wangu. Usizunguke. Nguvu unazo, kinachokuua ni mpango, na mpango ukiujua unauvunja.

Unapigana na wawili: Seymour mwenyewe, na lile dude lililomshika mgongoni, Mortiorchis. Seymour anamchoma mtu wako mkuki uitwao Lance of Atrophy. Aliyechomwa anakuwa zombi. Kisha Mortiorchis anamrushia huyohuyo Full-Life, ambayo ni uchawi wa kufufua wafu. Katika gemu hii zombi akipewa dawa inamdhuru, na akipewa dawa ya kufufua anakufa. Ndiyo maana HP iliyojaa haikusaidii kitu.

Sasa tazama juu kulia kwenye skrini. Kuna safu ya picha ndogondogo inayoonyesha zamu ya nani inafuata. Wengi wanaiona kama pambo. Mkuki ukishapigwa, tafuta picha ya Mortiorchis kwenye safu hiyo. Kama yuko mtu wako mbele yake, zamu hiyo ni ya Holy Water, dawa ya kuondoa uzombi, kwa aliyechomwa, si ya kushambulia, hata kama Auron yuko tayari na upanga umekuwasha mkono. Kama hakuna mtu mbele yake, basi mmoja amekwenda. Mwenye zamu inayofuata atumie Phoenix Down, dawa ya kufufua, na vita vinaendelea.

Mashambulizi yako nayo yapange upya. Seymour Flux ana HP 70,000, na sumu inamshika. Lulu, mchawi wako, akiwa na uchawi wa sumu uitwao Bio, ampige mapema kabisa, kisha kila zamu yake inampunguza bila wewe kufanya lolote. Aeon nao wana kazi, ila usiwategemee kukaa uwanjani, kwa maana Seymour anawafukuza kwa Banish. Njoo na aeon ambao Overdrive zao, yaani mapigo yao makubwa, umeshazijaza njiani. Kila mmoja anaingia, anapiga pigo lake kubwa, anafukuzwa, anaingia mwingine. Mmoja mweke akiba. Pigo la Total Annihilation hutangazwa kabla halijapigwa; ukiona tangazo, soma tena ile safu ya picha, mwite aeon wa akiba kwenye zamu yako ya mwisho kabla ya pigo, alibebe yeye.

Kuna wanaofika pale na kumwangusha kwa nguvu tupu, baada ya kuzunguka sana. Wanashinda, sawa. Lakini wanaingia magofu ya Zanarkand bila somo walilopaswa kulipata mlimani, na huko watalia. Soma jibu langu kwa msomaji wa Bujumbura hapo chini ukishamaliza kazi yako.

Dada, mimi na mdogo wangu tunabishana. Yeye anasema gemu za zamu ni za watu wavivu, mtu anakaa anasubiri apigwe. Nimjibu nini?
*Msomaji, Mombasa*

Mpe historia kidogo. Kuanzia Final Fantasy IV ya mwaka 1991 mpaka ile ya tisa, mfululizo huu ulitumia mfumo alioubuni Hiroyuki Ito, ambao una mstari unaojaa huku saa ikikimbia. Ukizubaa kwenye menyu, adui anakupiga. Kwenye ya kumi, Toshiro Tsuchida aliyesimamia mapigano akaiondoa saa hiyo. Zamu yako ikifika kila kitu kinasimama. Unaweza kwenda kuteka maji, ukirudi adui bado amesimama palepale.

Na saa ilipoondoka, uzito ukahamia kwenye uamuzi. Kila tendo lina bei yake ya muda: ukitumia dawa, zamu yako inarudi haraka kuliko ukipiga pigo zito. Haste inakusogeza mbele kwenye safu, Slow inamrudisha adui nyuma. Kwenye PlayStation 2 ukibonyeza L1 unamtoa aliye na zamu na kumwingiza mwingine, naye anacheza hapohapo. Ndiyo kusema una kikosi cha watu saba, si watatu. Lakini watatu walio mbele wakianguka kwa pamoja imekwisha, hata kama wanne waliobaki ni wazima kama kigongo. Kila zamu unapima haya yote.

Kaka yangu alikuwa na banda la gemu Tanga, watu wakilipa kwa nusu saa. Karibu wote walitaka Winning Eleven, gemu ya mpira, na hakuna aliyekuwa tayari kulipia dakika za kuitazama menyu. Mimi nilikuwa naingia asubuhi kabla wateja hawajaja, na memori kadi yangu mfukoni, nakaa na menyu wazi nafikiri mpaka nitosheke. Sijawahi kutumia akili kwa bidii namna ile mahali pengine popote nikiwa na umri ule, darasani mkiwemo. Mwambie mdogo wako aende barazani akawatazame wazee wanaocheza bao. Nalo ni zamu. Amtazame yule aliyeshika kete mkononi, macho kwenye mashimo, kimya. Kisha arudi aseme tena neno uvivu.

Hujambo mwanangu. Kijana wangu ana miaka 13 na anacheza hiyo gemu yenu. Nikimwita kula ananijibu "subiri mama, bado sijafika pa kusevu." Ananidanganya? Na yale majitu anayoyaita vitani, si mambo ya kishetani?
*Mama wa Dodoma*

Sijambo mama, shikamoo. Hakudanganyi. Gemu hii haisevu popote mtu anapotaka. Kuna matufe ya mwanga yaliyowekwa njiani, na ni hapo tu anapoweza kuhifadhi alipofika. Kwenye PlayStation 2, akizima kabla, kazi yote tangu tufe la mwisho inapotea. Kwa kawaida kuna tufe karibu kabla ya bosi mkubwa. Kwa hiyo mama usimwite chakula kikiwa mezani. Mwambie mapema, wali ungali jikoni: "Ukifika tufe linalofuata, simama." Hilo anaweza kulitimiza, na asipolitimiza una haki ya kukasirika.

Kuhusu majitu, nitakueleza wazi ili uamue mwenyewe. Majina mengine yametoka kwenye hadithi na imani za zamani. Ifrit ni afriti yuleyule wa hadithi za Kiarabu. Shiva ni jina la mungu wa Kihindu, ingawa kwenye gemu ni mwanamke wa barafu. Bahamut naye asili yake ni Uarabuni. Mchezaji hawaabudu wala hafundishwi uganga. Ni wasaidizi wa vitani. Huko Ulaya gemu imepewa alama ya kufaa kuanzia miaka 12.

Ila kuna jambo kubwa kuliko majitu ambalo ungependa kulijua. Hadithi yenyewe inahusu dini ya kubuni iitwayo Yevon, na wahusika wanaanza kuwauliza wakuu wake maswali magumu: kwa nini watu wanateseka, na nani anafaidika na utii wao. Kijana wa miaka 13 ataondoka hapo na maswali yake. Mimi naliona hilo kuwa zuri sana, lakini nisingependa akae nayo peke yake. Kaa naye jioni moja, akusimulie alipofika. Maongezi yote yameandikwa kwa Kiingereza kwenye skrini, hivyo anasoma sana kuliko unavyodhani.

Dada, nipo magofu ya Zanarkand. Yunalesca ana sura tatu. Mbili nimezishinda. Ya tatu ikianza tu, pigo moja, wote chini. Na nilikuwa nimewatibu wote vizuri! Diski yangu ina kasoro?
*Msomaji, Bujumbura*

Diski yako ni nzima. Kuwatibu wote ndiko kulikowaua.

Hebu twende naye taratibu. Sura ya kwanza, HP 24,000, anajibu kila unachomfanyia: ukimpiga kwa silaha anakupofusha, ukitumia uchawi anakunyamazisha, ukitumia ufundi maalumu anakulaza. Hiyo umeipita. Sura ya pili, HP 48,000, analeta Hellbiter, na kikosi chako kizima kinakuwa mazombi. Wewe umetoka Gagazet, umeshang'atwa na Seymour, umejua kwamba uzombi ni mauti. Unakimbilia Holy Water, unawasafisha wote watatu. Unafanya hasa kile mlima ulichokufundisha.

Sura ya tatu, HP 60,000, anafungua kwa Mega Death. Hii inamuua kila aliye hai. Zombi haimgusi, maana tayari ni maiti. Ule ugonjwa uliokuwa ukiutibu ndio ulikuwa ngao yako.

Kwa hiyo: sura ya pili inapokaribia kuisha, acha angalau mmoja akiwa zombi. Mimi huacha wawili, na wa tatu namsafisha awe mzima, maana zombi hatibiki na mtu mmoja lazima aweze kupokea dawa. Mega Death ikija, mzima anaanguka, zombi mmoja anamwinua kwa Phoenix Down, tunaendelea. HP ya zombi itunze kama akiba ya unga mwezi wa njaa, kwa sababu Yunalesca mwenyewe atawarushia uchawi wa kuponya ili uwaumize. Zombi akizidiwa, msafishe kwa Holy Water, mjaze HP, kisha mwache. Hellbiter itarudi na kumgeuza tena, na safari hii utaifurahia. Anayevaa vazi lenye Deathproof yeye Mega Death haimpati kabisa. Lakini vazi la Zombieproof peke yake livue, linazuia ngao.

Kabla ya pambano kuna maongezi marefu yasiyorukika, na kila ukishindwa unayatazama upya. Najua yanavyochosha. Lakini nakuomba usimchukie huyu bosi. Waliomtengeneza walikupeleka mlimani kwanza, wakahakikisha umeiogopa ile hali ya uzombi mpaka umeizoea kuitibu bila kufikiri, kisha wakakuletea mtu wa kukuadhibu kwa mazoea hayo hayo. Hakuna bosi mwingine katika mfululizo huu anayeniheshimu mimi mchezaji kiasi hicho. Nilipoelewa alichokuwa akinifanyia nilisimama nikapiga makofi, peke yangu bandani.

Sina PS2, imekufa zamani. Naipata wapi? Kwenye simu ipo?
*Msomaji, Mwanza*

Kwenye simu haipo. Toleo lililosafishwa picha lilitoka mwaka 2013 kwa PS3 na PS Vita, 2015 kwa PS4, 2016 kwa kompyuta kupitia Steam, na 2019 kwa Nintendo Switch na Xbox One. Linakuja pamoja na muendelezo wake, X-2. La kompyuta lina vitufe vya kuongeza mwendo na kuzuia maadui wa njiani. Mwendo tumia ukipenda. Kuzuia maadui usitumie mara ya kwanza, utafika kwa mabosi mikono mitupu.

Dada, nimepata ndege ya kusafiria, nikarudi kijijini Besaid kusalimia tu. Nikakuta aeon Valefor akiwa mweusi langoni, akanifagia kwa pigo moja. Huyu ametoka wapi?
*Msomaji, Nairobi*

Huyo ni Dark Valefor, HP 800,000. Toleo la kwanza la Japani na lile la Marekani la mwaka 2001 hayakuwa naye. Aliongezwa baadaye, na matoleo mapya yote anayo. Hauhitaji kumpiga ili umalize hadithi, basi mwache langoni kwa sasa. Ukitaka kumwondoa mapema, mtafute aeon aitwaye Yojimbo, umlipe pesa nyingi, na ukibahatika atapiga Zanmato, ambayo haiulizi adui ana HP ngapi. Sevu kabla ya kushuka Besaid. Tufe moja liko ndani ya ndege yenyewe.