Jibu: Mbona vipokezi vya homoni husoma herufi zile zile za DNA na havigongani?

Mkuu, umeuliza: vipokezi vya homoni ni protini zinazoshika homoni kisha kukaa juu ya DNA na kuamuru jeni; kama kipokezi cha estrojeni, cha vitamini D na cha homoni ya thairoidi vyote vinashika herufi za DNA AGGTCA, kila kimoja kinaijuaje jeni yake? Na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inaingiaje hapo? Jibu ni kwamba herufi sita peke yake hazitoshi kumtambulisha yeyote. Kinachoamua ni umbali na mwelekeo kati ya sita za kwanza na sita za pili.

Piga hesabu. Neno la herufi sita hujitokeza kwa bahati mara moja katika kila herufi 4,096. Jenomu yetu ina jozi za besi takribani bilioni 3, kwa hiyo uzi mmoja tu wa DNA una AGGTCA zaidi ya 700,000. Ile "kufuli na ufunguo" ya notisi za mwaka wa kwanza, kwamba kila protini ina neno lake moja tu, inafia hapo.

Sehemu ya kipokezi inayoshika DNA ina amino asidi kama 70, na vidole viwili vya zinki, yaani mikunjo ya protini inayoshikiliwa na zinki. Kila zinki imebanwa na sisteini nne. Zinki yenyewe haigusi DNA, kazi yake ni kushikilia mkunjo usifumuke. Helisi (kipande cha protini kilichojisokota) inayotoka kwenye kidole cha kwanza ndiyo inayozama kwenye mfereji mkubwa wa DNA na kusoma herufi. Kipokezi cha kotisoli kinasoma AGAACA, cha estrojeni AGGTCA: tofauti ni herufi ya tatu na ya nne tu. Upande wa protini, tofauti hiyo inabebwa na amino asidi tatu: glisini, serini na valini kwa kotisoli, glutamati, glisini na alanini kwa estrojeni. Mwaka 1989 maabara zaidi ya moja zilionyesha kwamba ukibadilisha hizo chache, kipokezi kinahamia kwenye jeni za mwenzake.

Vipokezi hivyo viwili hukaa wawili wawili wa aina moja, wakitazamana, na katikati pana herufi tatu zozote (n): kwa estrojeni ni AGGTCAnnnTGACCT, ambapo TGACCT ni AGGTCA ile ile ikisomwa kwenye uzi wa pili. Amino asidi za kidole cha pili ndizo zinazowashikanisha. Mshiko huo una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1991 ulipochapishwa muundo wa kipokezi cha kotisoli kikiwa juu ya DNA, DNA iliyotumika ilikuwa na nafasi ya herufi nne badala ya tatu. Jozi haikuachana: mmoja alikaa sawasawa, wa pili akaangukia herufi zisizo zake. Ukiongeza jozi moja ya besi, nusu ya pili inasogea angstromu 3.4 na pia inazunguka digrii kama 34 kuufuata msokoto, kwa hiyo hata uso wake unageukia kwingine.

Sasa vitamini D, thairoidi na asidi ya retinoiki. Hawa hushirikiana na RXR, kipokezi kingine kinachokuwa mwenza wao, na maneno yao yanafuatana upande mmoja badala ya kutazamana. AGGTCA mbili zikiachana herufi 3, ni mahali pa vitamini D. Zikiachana 4, thairoidi. Zikiachana 5, retinoiki. Kwenye hizo tatu RXR hukaa mbele, upande wa 5' (mwanzo wa uzi unavyosomwa). PPAR, kipokezi cha mafuta, hutumia nafasi ya herufi 1, na hapo RXR inahamia nyuma. Wako pia wanaosimama peke yao, kama NR4A1, ambao hufidia kukosa mwenza kwa kipande cha ziada baada ya vidole, kinachogusa mfereji mdogo na kusoma AA kabla ya AGGTCA. Na hata anwani ikiwa kamili, DNA iliyofungwa ndani ya kromatini (DNA ikiwa imeviringishwa kwenye protini) haisomeki hivi hivi; kwa estrojeni mara nyingi protini ya FOXA1 ndiyo hutangulia kufungua.

Rifampisini inaingia kwa mlango wa PXR, kipokezi kinachohisi dawa na kemikali ngeni. Dawa ikikaa ndani yake, PXR na RXR wanashika jeni ya CYP3A4, kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa na homoni, sehemu mbili: karibu na mwanzo wa jeni, ambapo maneno mawili yamepeana migongo yakiwa na herufi 6 katikati, na mbali zaidi, kama herufi 8,000 kabla ya mwanzo huo, yanapofuatana kwa nafasi ya 3. Kimeng'enya kinazalishwa kwa wingi na homoni za vipandikizi vya uzazi wa mpango zinavunjwa haraka. Dolutegravir, dawa ya VVU, nayo inaathirika, ndiyo maana mgonjwa anayemeza vyote viwili hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Athari hukaa wiki kama mbili baada ya kuacha rifampisini, kwa kuwa kimeng'enya kilichokwisha kutengenezwa hakiondoki siku hiyo hiyo.

Kwa mlioko UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) au kwingine mnaotaka kuliona hili kwenye jeli, ambapo DNA yenye alama iliyoshikwa na kipokezi hutembea polepole na kutoa mstari wake: kosa linaloua majaribio mengi hutokea wakati wa kuagiza DNA. Mtu anaandika AGGTCAnnnAGGTCA akidhani ni ya estrojeni, kumbe ameagiza ya vitamini D. Nusu ya pili lazima iwe TGACCT. Acha herufi tano za ziada kila pembeni. Kwa kuwa neno linajirudia kinyume, uzi mmoja hupenda kujikunja wenyewe: pasha nyuzi zote mbili nyuzijoto 95 kwa dakika 5, mkusanyiko usiwe chini ya mikromola 10, chumvi milimola 50, kisha acha zipoe taratibu.

Mchanganyiko wa kufungia: HEPES milimola 20 yenye pH 7.9, KCl milimola 50 hadi 100, DTT (inayozuia sisteini kuungana) milimola 1, gliseroli asilimia 10, kloridi ya zinki mikromola 10, na poly(dI-dC), DNA bandia ya kunasa protini zisizohusika, mikrogramu 1 kwa mikrolita 20. EDTA usiitie humo, inanyonya zinki na vidole vinafumuka. DTT ya zamani inaleta hasara ile ile kwa njia nyingine, sisteini zinaungana zenyewe kwa zenyewe. Maji ya kisima ya huku yana chumvi, tumia yaliyotonezwa hata kwa bafa ya jeli. Jeli iwe ya akrilamidi asilimia 5 au 6 bila SDS (sabuni inayofumua protini), na iendeshwe kwenye friji, hasa miezi ya Oktoba na Novemba. Ikipata joto, mshiko unaachia njiani na unaona ukungu badala ya mstari. Weka na kitundu kimoja cha jeli chenye DNA ile ile isiyo na alama, mara 100 ya ile yenye alama, kingine chenye DNA hiyo hiyo lakini herufi ya tatu na ya nne zimeharibiwa. Cha kwanza kifute mstari, cha pili kisiufute.